Kamera Humfuata Anayeondoka

Mamangu ana kipimo chake cha sinema. Haulizi nani stelingi na nani adui, wala filamu imeshinda tuzo gani. Huuliza kama mtu amekula.

Usiku mmoja baada ya isha, hapa kwetu Langoni, mjini Lamu, tuliweka kompyuta juu ya stuli tukakaa watatu: mamangu, mimi, na binti yangu wa miaka 18. Filamu ilikuwa ya Kifaransa, Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, ya mwaka 1959. Mpwa wangu wa Mombasa ndiye huniletea filamu kwenye flashi. Yeye anajua mimi nafundisha fasihi sekondari, basi hudhani napenda mambo mazito. Kijana wa filamu hiyo, Antoine, anatoroka katika kituo cha kurekebisha watoto watukutu. Anakimbia. Anakimbia sana, mpaka unachoka wewe uliyekaa. Mwisho anafika baharini, ambako hajapata kufika maishani mwake, anaingiza miguu majini na viatu vyake, anageuka kututazama, na picha inaganda hapo usoni mwake. Basi, imekwisha.

Uso ule umeandikwa sana na watu wa sinema. Ati ndipo kijana anapojijua.

Mamangu akasema, "Huyu ana ndaa." Njaa, kwa Kiamu chetu. "Na hapana hata mtu wa kumwita akala."

Binti yangu akacheka. "Bibi, ile bahari ni alama. Ni uhuru."

"Uhuru wa nini? Angekuwako babuyo ukamuuliza, alokaa majini siku nane kwa kukosa upepo."

Nami nikacheka, lakini maneno yale yalinikaa. Sisi bahari iko mwisho wa kila kichochoro. Watu hushuka pwani kununua samaki, kungojea boti ya Mokowe, kumtazama punda anavyobebeshwa mchanga. Sijasikia mtu wa Lamu aliyefika baharini akadhani hadithi yake imekwisha. Kwa mtoto wa Paris bahari ni ukingo wa dunia, kwetu ni mlango wa mbele. Tangu usiku ule, kila filamu inayotaka kunionyesha mtu anajitambua, natazama kwanza: yuko wapi? Yuko na nani? Na karibu kila mara, akiwa kijana, jibu ni hilohilo: yuko mbali na kwao, na yuko peke yake.

Hapo ndipo ninapogombana na sinema. Kujijua imekufanya kuwa safari ya kutoka. Kijana hujijua kwa kukimbia nyumbani, kwa gari moshi, kwa basi, kwa lori, au kwa miguu kama Antoine. Mzee naye hujijua kwa kurudi nyuma, akae dirishani akumbuke, na sisi tuonyeshwe ujana wake kwa rangi iliyofifia. Na mtu wa makamo? Mtu wa makamo huonekana akichekesha. Mwanamume ananunua gari jekundu na kufuatana na msichana wa rika la bintiye. Kwa Kiswahili tuna jina lake zuri kabisa, mtu mzima hovyo, na sinema ya Marekani imelishwa na mtu mzima hovyo miaka mingi. Mwanamke wa makamo hata hovyo hapewi. Yeye hufungua mlango wakati kijana anatoka.

Nina miaka 49. Labda ndiyo maana jambo hili linanikera.

Kama hamjaitazama Boyhood, itazameni. Richard Linklater alianza kuipiga mwaka 2002 akamaliza 2013, kila mwaka siku chache, na waigizaji walewale. Mtoto Mason anaanza na miaka sita, na mbele ya macho yetu anaota ndevu. Hakuna vipodozi, hakuna kubadilisha mwigizaji. Ilipotoka mwaka 2014 watu walistaajabia hilo, na ni la kustaajabiwa. Tena ni haki, kwa maana sinema ina mazoea ya kutudanganya kuhusu umri. Nargis alikuwa na miaka 28 tu ilipotoka Mother India mwaka 1957, naye ndiye ajuza tunayemwona mwenye mvi. Na Sunil Dutt, aliyecheza mwanawe, alimuoa mwaka uliofuata. (Usimwambie mamangu. Kwake yeye Nargis ni mama mzee aliyempiga risasi mwanawe mwenyewe kwa ajili ya heshima ya kijiji, na hapo hapaguswi.)

Tuliitazama Boyhood wiki mbili kabla binti yangu hajaenda chuo Nairobi. Nilijua itakuwaje, nikaiweka hivyohivyo.

Karibu na mwisho Mason anafunga mizigo, naye anaenda chuo. Mamake, Olivia, aliyechezwa na Patricia Arquette, amekaa kwenye meza ya nyumba ndogo aliyohamia. Mwanamke huyu ameolewa na kuachana zaidi ya mara moja, amepata mume mlevi na baadaye mwingine ambaye pombe ilimshinda, amesoma akiwa na watoto wawili mikononi mpaka akawa mwalimu wa chuo. Ghafla analia. Anahesabu: nimeolewa, nimezaa, nimeachika, nimemfundisha mwanangu baiskeli, nimepata digrii, nimewapeleka chuo. Kilichobaki ni maziko yangu. Kisha anasema jambo moja dogo, kwamba alidhani kutakuwa na zaidi ya haya.

Nilizima sauti kidogo nikijifanya nasikiliza kama maji yamechemka jikoni.

Kwangu mimi katika filamu ile ya karibu saa tatu hapo ndipo mtu anapojijua. Si Mason. Mason anazungumza sana, anauliza maana ya kila kitu, ana kamera shingoni, lakini maneno yake ni ya kijana yeyote mwerevu wa umri ule. Mamake ndiye aliyetazama maisha yake yote kwa dakika moja akayaona urefu wake. Na hapo kamera inafanya nini? Inatoka na Mason. Inamfuata barabarani ndani ya gari, inamfikisha chuoni, inampandisha milimani na marafiki aliowapata siku hiyohiyo, inamkalisha karibu na msichana, wanazungumza kuhusu wakati na namna wakati unavyomshika mtu. Jua linatua vizuri. Mamake tumemwacha mezani na machozi, na hatumwoni tena.

Arquette alipewa Oscar mwaka 2015. Jina la tuzo yenyewe: mwigizaji msaidizi. Hebu fikiri. Mwanamke amezeeka miaka 12 mbele ya kamera, na kwa hesabu ya tuzo alikuwa akimsaidia mwanawe kukua.

Binti yangu haoni hivyo. Kwake yeye mama yule alikosea kulia siku ile, alimharibia mtoto safari. "Angengoja mpaka atoke," akasema. Nikamwambia atalia na nani, mbele ya nani, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa shahidi wa maisha yote hayo? Akanyamaza, akaenda kuangalia simu. Sijui kama nilishinda.

Lakini sitaki kusema sinema yote haijui kitu. Iko iliyotukalisha mpaka saa saba za usiku tukibishana, nayo ni ya Kihindi. English Vinglish, ya mwaka 2012, ya Gauri Shinde. Sridevi alikuwa hajaigiza filamu miaka 15, akarudi na hii, akiwa na miaka 49. Umri wangu huu. Anacheza Shashi, mama wa nyumbani anayepika laddu, zile tamutamu za Kihindi, na kuziuza mjini kwao, na laddu zake zinasifiwa na kila mtu. Ila Kiingereza hajui. Bintiye anaona haya kumpeleka shuleni. Mumewe anasema kwa kicheko kwamba mkewe alizaliwa apike laddu. Anakwenda New York kwa harusi ya mpwa wake, huko anaingia kwa siri darasa la Kiingereza la wiki nne.

Mamangu hakuhitaji tafsiri. Kihindi chake amekiokota kwenye kanda za video tangu mimi mdogo, na asichokijua hukijaza mwenyewe. Mtu wa laddu alimwelewa mara moja, maana sote hapa tunamjua mwanamke ambaye mji mzima unakula mahamri yake na hakuna anayejua anafikiri nini.

Ugomvi ulitokea kwenye mtihani. Siku ya mtihani wa mwisho ndiyo siku ya harusi. Shashi amepanga vizuri aweze kutoka, lakini mwanawe mdogo kwa utundu anamwaga sinia zima la laddu. Mpwa wake anamsihi aende, laddu zitanunuliwa. Shashi anakataa. Anakaa chini, anaanza kupika upya, mtihani unampita.

Binti yangu alisimama. "Hii ndiyo shida yenu!" Yenu, yaani mimi na bibiye pamoja. Akasema filamu imemdanganya saa mbili nzima kuwa mwanamke huyu anajikomboa, halafu imemrudisha jikoni.

Mamangu akamjibu kwa utaratibu: "Ameshajua Kiingereza. Mtihani wa nini tena? Laddu hazijapikwa."

Nami nilikaa katikati, kama kawaida ya mtu wa makamo. Namwelewa binti yangu. Nimewaona wasichana wangapi wa darasa langu wakikosa kitu kwa sababu ya sinia la mtu mwingine. Lakini naona mamangu aligusa penyewe. Shashi hakukwenda darasani kutafuta karatasi. Alikwenda kutafuta heshima, na heshima hiyo alitaka kuipata mbele ya waliomvunjia, si mbele ya wageni. Ndiyo maana kilele cha filamu si darasani wala barabarani. Ni kwenye harusi, mbele ya mume na binti na jamaa wote, anaposimama kuwatakia maharusi heri kwa Kiingereza cha kukwamakwama na kuwaeleza ndoa ni nini na familia ni nini, na mumewe hajui auweke wapi uso wake. Hakutoroka. Alijibadilisha akakaa palepale, na waliomzoea ikawabidi wamwone upya. Hilo ni gumu kuliko kukimbia hadi baharini. Cheti alikipata, maana mwalimu wake alikuwa amealikwa harusini, lakini mimi ningependa wangekiacha. Na kuna dakika moja mwishoni, ndani ya ndege ya kurudi, ambapo Shashi anamuuliza mhudumu kwa Kiingereza safi kama kuna gazeti la Kihindi. Mamangu alipiga makofi.

Labda mnasema mimi natetea nyumbani kwa kuwa sijatoka. Inawezekana. Mji huu ni mdogo, huwezi kujificha. Ukipita Mkunguni na kanga ya jana, kesho mtu atakuuliza kama unaumwa. Mtu aliyekujua ukiwa na miaka saba bado anakaa kwenye baraza ileile, na kila unapojifanya mtu mpya anakuamkia kwa jina lako la utotoni. Inachosha, wallahi. Lakini kujijua kwingi nilikokupata nimekupata hivyo, kwa kuambiwa. Nilipoolewa nilikuwa na somo wangu, aliyenikalisha chini akaniambia mambo ya mume na mambo ya nyumba, na kati ya hayo akaniambia mimi nina kiburi cha kunyamaza. Nikakasirika miaka kumi. Alikuwa amesema kweli. Katika sinema nyingi za vijana hakuna somo. Kuna rafiki mchekeshaji, kuna mwalimu mmoja mwema, na baada ya hapo kijana anayagundua yote peke yake kwa kutazama upeo wa macho.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Mwaka 1964 televisheni ya Granada iliwachukua watoto 14 wa miaka saba, wa tajiri na wa maskini, ikawauliza wanataka kuwa nani. Michael Apted, aliyekuwa msaidizi katika filamu ile ya kwanza, akawarudia kila baada ya miaka saba, mpaka mwaka 2019 walipokuwa na miaka 63. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2021. Fikra ya mwanzo ilikuwa kwamba mtoto wa miaka saba ameshamwonyesha mtu mzima wake. Ninachokipenda zaidi humo ni kosa la Apted. Kulikuwa na mtoto wa mashariki ya London, Tony, aliyetaka kuendesha farasi wa mashindano. Alipokuwa na miaka 21 Apted aliona kwa hesabu yake kijana huyu ataishia jela, akampiga picha akizunguka mitaa yenye sifa ya wahalifu, ili baadaye ziwe na maana. Tony akawa dereva wa teksi, akaoa, akalea watoto. Picha zile zikabaki bila kazi, na Apted akakiri hadharani kuwa alikosea. Mwenye kamera alidhani anamjua mtu kuliko mtu anavyojijua, na kilichomwumbua ni kwamba ilimbidi arudi, miaka saba, na saba tena.

Watoto nao tusiwasahau, ingawa kwao nitapita haraka. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ya hapahapa Kenya, ina mtoto wa miaka tisa, Jo, ambaye anajua anakufa. Mamake ndiye asiyetaka kujua, anamfungia ndani kitandani. Kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yeye awe stelingi. Mtoto ndiye mtu mzima wa nyumba ile, na filamu haijifanyi kushangaa. Niliitazama mara moja. Siwezi mara ya pili.

Na wazee? Nitasema moja tu, filamu ya Kijapani, Ikiru ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Bwana Watanabe ni mkuu wa idara katika ofisi ya jiji, amepiga mihuri karibu miaka 30, na sasa ana saratani ya tumbo. Anajaribu kumwambia mwanawe, mdomo haufunguki. Anatafuta starehe usiku mmoja, hazimkai. Anayemfungua macho ni msichana aliyeacha kazi ofisini kwake akaenda kiwandani kutengeneza sungura wa kuchezea, naye anamwambia tu kwamba akiwatengeneza huhisi anacheza na watoto wote wa nchi. Basi, hilo. Mzee anaondoka mbio kwenda kuwajengea akina mama wa mtaa mmoja uwanja wa watoto, pale penye maji machafu.

Kisha Kurosawa anafanya jambo ambalo hadi leo nalionea wivu. Anamuua Watanabe mapema, filamu ingali na muda mrefu. Yaliyobaki ni matangani. Wafanyakazi wenzake wamekaa chini, wanakunywa, wanabishana: uwanja ule ni kazi yake au ya wakubwa? Alijua anakufa au hakujua? Mmoja anakumbuka hili, mwingine lile, na polepole mtu anajengeka mbele yetu wakati picha yake iko juu ya meza ya maiti. Wanalia. Wanaapa kuanzia kesho watafanya kazi kama yeye. Kesho yake wako ofisini wanamzungusha mwananchi kama zamani.

"Hawa wamekuja hitma kula," mamangu akasema, na mimi nikafikiri mabaraza mangapi nimeyapita siku ya tatu baada ya maziko, nikisikia marehemu akigawanywa hivyohivyo, kila mtu na kipande chake.

Visiwa hivi vina mtu aliyelifanya jambo hili kabla ya kamera. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yapata miaka 200 iliyopita, katika shairi lake Al-Inkishafi, alikaa akauhoji moyo wake mwenyewe. Hakuuhoji kuhusu ndoto zake. Aliuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa yakiwaka taa, madaka yaliyopangwa sahani ambamo sasa wanalala makinda ya ndege, popo wananing'inia juu, na waliokuwa mabwana wa nyumba wako mchangani. Akauuliza moyo: nawe unangoja nini? Wanafunzi wangu hudhani ni utenzi wa mzee. Huwaambia watafute ndani humo mtunzi alikuwa na umri gani. Hawaupati. Alisimama mjini kwao, akatazama vilivyo karibu.

Binti yangu aliondoka Jumapili, boti ya kwanza kwenda Mokowe, kisha basi. Sikulia gatini. Nilimkumbusha chaja na kitambulisho, mamangu akampa kopo la vileja. Boti ilipozunguka kwenye mikoko tukarudi kwa kupitia kichochoro cha nyuma, maana ukipita pwani utaulizwa na watu kumi.

Usiku mamangu akaniambia nimwekee ile ya mama aliyelia. Nikaiweka, nikaitafuta sehemu yenyewe. Olivia akahesabu, akalia, akauficha uso. Picha ikahama, gari barabarani, muziki, jangwa.

"Rudisha," mamangu akasema. "Nataka kuona atakula nini usiku."

Nikarudisha. Tukatazama tena mpaka gari lilipotokea. Nikarudisha mara ya tatu, taratibu zaidi, kana kwamba palikuwa na kitu kimetupita pale kati ya meza na barabara.